Mo Ibrahim aliachaje kazi BT akiwa na miaka 43? Natafuta stori ya katikati

Injinia_Ubungo

Wakuu habari za jioni, naomba tujadili kwa utulivu maana hili jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa. Mimi ni injinia wa redio kwenye kampuni moja ya simu hapa Dar, mwaka wa 14 huu, kazi yangu ni kupanga mnara ukae wapi na antena ielekee wapi, mtandao ukikata Chanika saa nane usiku simu yangu ndo inaita. Nina miaka 39, mke, watoto wawili, mkopo wa nyumba bado miaka sita.

Sasa kuna kitu nimekiandika mwenyewe kwa miaka miwili, usiku na wikendi. Walio kwenye minara wanaijua ishu ya dizeli. Unafika saiti, daftari la mlinzi linasema tenki lina lita 400, unazamisha kijiti kinatoka kimelowa vidole vitatu tu. Programu yangu inachukua usomaji wa sensa ya tenki, masaa ambayo jenereta limewaka na mzigo wa umeme wa saiti, halafu inakwambia mafuta yaliyoungua ni kiasi gani na yaliyochotwa ni kiasi gani. Nimeijaribu kwa takwimu za saiti za nyuma, inafanya kazi. Nataka niache kazi niifanye hii.

Ndo nikaanza kusoma habari za Mo Ibrahim, yule Msudani mwanzilishi wa kampuni ya simu ya Celtel, maana naye alikuwa injinia wa redio za simu kama mimi. Ila kila anayemzungumzia anaanzia 2005 alipoiuza Celtel kwa kampuni ya simu ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Hiyo hainisaidii. Mimi nataka kujua 1989. Mtu ni mkurugenzi wa ufundi Cellnet, kampuni ya simu za mkononi ya British Telecom (BT) ya Uingereza, kazaliwa 1946 kwa hiyo ana 43, mshahara wa uhakika, anaamkaje asubuhi anaandika barua ya kuacha kazi? Hela alitoa wapi? Alikuwa na mtu wa kumshika mkono? Na kile kipande cha rushwa, kweli mtu anajenga mitandao nchi zaidi ya kumi Afrika bila kutoa bahasha? Kwa sababu hapa kwangu hicho ndo kinanitia hofu kuliko hata mkopo wa nyumba.

Mzee_wa_Fida

Kijana umeuliza swali zuri na nimefurahi hujaanzia kwenye mabilioni.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Watu wengi wanadhani aliacha BT akaenda kufungua Celtel. Hapana. Kati ya BT na Celtel kuna miaka tisa na hiyo miaka tisa ndo jibu lako. Alipotoka 1989 alianzisha kampuni inaitwa MSI, na MSI haikuwa na mnara hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuuza ujuzi. Serikali za Ulaya na Asia zilikuwa zinaanza kutoa leseni za simu za mkononi, kampuni zinapata leseni halafu hazijui mtandao unajengwaje, zinamwita yeye na wenzake waje wapange. Yaani kazi ile ile unayoifanya wewe hapo ofisini kwa mshahara, yeye aliifanya kwa ankara. Baadaye wakaandika programu, inaitwa Planet, unaipa ramani ya milima na mabonde na majengo inakuchorea mawimbi yatafika wapi na yatakufa wapi. Kampuni za simu dunia nzima zikanunua.

Wewe umekuta programu za namna hiyo ziko kwenye kompyuta tayari kwa hiyo huenda huoni uzito wake. Mimi 2001 nilikuwa na mkandarasi tunafunga minara Singida na Dodoma. Kujua kama mlima huu unaonana na ule, mmoja anapanda na kioo cha kujitazamia, anamulika jua, mwingine yuko kilima cha pili kilomita 30 huko na darubini anasubiri aone kumeta. Ukiona kumeta unaandika, maikrowevu, yaani mawimbi ya kuunganisha mnara na mnara, itapita. Wingu likija mnakaa juu huko mpaka kesho, na maji yameisha. Sasa fikiria mtu anakuletea programu inakwambia hayo umekaa kwenye kiti. Unalipa bila kubishana.

Kwa hiyo swali la hela alitoa wapi, jibu ni kwamba alianza na biashara isiyodai hela nyingi. Mnara unadai mtaji. Ushauri unadai kichwa na meza. Na kichwa alikuwa nacho, alisoma Alexandria, akafanya kazi shirika la simu la Sudan, akaenda Uingereza 1974, masta Bradford, udaktari Birmingham kwenye mawasiliano ya simu za mkononi wakati ambao simu za mkononi zenyewe hazijafika madukani. BT walimchukua 1983, Cellnet ikafunguliwa Januari 1985. Waliokuwa wanajua kujenga mtandao wa namna ile kipindi kile walikuwa wachache sana duniani na yeye mmojawapo.

Na kilichomtoa BT ni ukubwa wa lile shirika. BT ndo kwanza ilikuwa imetoka kuwa mali ya serikali, hisa ziliuzwa 1984, akili yote iko kwenye waya wa mezani, simu za mkononi wanaziona kitu cha pembeni. Ukiwa unaona kitu kinakuja na bosi wako hakioni, hapo kuna uchungu fulani, nadhani unaujua.

Injinia_Ubungo

Shikamoo mzee. Huo uchungu naujua kabisa, nimepeleka hili wazo la dizeli kwenye vikao viwili nikaambiwa siyo kipaumbele cha mwaka huu. Hilo la kioo na darubini sijawahi kusikia, nitaenda kuwasimulia vijana wangu kesho.

Kwa hiyo MSI iliishia wapi?

Mzee_wa_Fida

Marahaba. Waliiuza kwa Marconi, kampuni ya mawasiliano ya Uingereza, mwaka 2000, zaidi ya dola milioni 900, ikiwa na wafanyakazi kama 800 na matawi 17. Na wafanyakazi walikuwa na hisa karibu asilimia 30. Lakini kabla ya kuuza, 1998, walikuwa wameshaitoa pembeni ile sehemu ya kumiliki mitandao Afrika, na hiyo ndo ikaja kuitwa Celtel.

Na hata huko Afrika hakukurupuka. Uganda walikuwa wameshatia mguu mapema, mtandao wa kwanza wa simu za mkononi Uganda ulianza 1995. Alishasimulia kwamba alijaribu kumshawishi mkubwa mmoja wa kampuni ya simu ya huko Ulaya wachukue leseni Uganda, mtu akamjibu siwezi kwenda kuiambia bodi yangu tuwekeze kwenye nchi ya yule kichaa Idi Amin. Miaka ya tisini hiyo! Amin kaondoka 1979, sisi hapa ndo tunajua tulivyomuondoa. Hapo ndo akaelewa kwamba wenye hela wanaikimbia Afrika kwa sababu ya habari za zamani, na kama wao wanakimbia basi bei ya leseni ni ndogo. Wakati huo huo Uingereza mwaka 2000 walinadi masafa ya 3G kwa pauni bilioni 22 na nusu. Linganisha mwenyewe.

msee_wa_Eldi

Sasa wazito. Mimi niko Eldoret na nilikuwa kwa mambo ya mobile money miaka mingi, wacha niweke upande mwingine wa hii stori ndio huyu ndugu yetu asiende na picha moja.

Celtel ilinunua asilimia 60 ya kampuni ya simu ya KenCell hapa Kenya 2004 kutoka kwa Vivendi ya Ufaransa. Na hapa Kenya ilishindwa na Safaricom, na haikushindwa kwa teknolojia. KenCell walikuwa wanakata pesa kwa dakika, Safaricom wakakuja na kukata kwa sekunde. Mama mboga anapiga simu anasema leta sukuma gunia mbili, anakata, sekunde kumi na mbili. Kwa nini alipie dakika nzima? Michael Joseph alipoingia kama bosi wa Safaricom 2000 walikuwa na wateja hawafiki elfu 20, anatoka 2010 wako zaidi ya milioni 16. Celtel walipochukua ile kampuni shimo lilikuwa limeshachimbwa, na hawakulifukia.

Ya pili ni Celpay. Wengi hawajui kwamba Celtel walikuwa na huduma ya pesa kwa simu Zambia na Kongo tangu 2002, miaka mitano kabla ya M-Pesa ya Machi 2007. Wakaiuza 2005 kwa FirstRand, kampuni ya benki ya Afrika Kusini. Walikuwa na kitu mkononi! Lakini kilikaa sana upande wa biashara kulipana, duka kumlipa msambazaji, hakikushuka mpaka kwa kijana wa Nairobi anatumia mamake Kakamega. Ndugu yangu Injinia hii ndio inaniuma nikisoma swali lako, kwa sababu programu unayo, swali ni nani analipa na analipa kwa nini. Mwenye kampuni ya simu anataka kujua lita zilizoibwa, sawa. Lakini wewe ushawahi kaa chini na yule anayesaini cheki ya dizeli? Huyo ndiye mteja, siyo bosi wako wa redio.

Kitu kimoja nitawapa heshima ni One Network, huduma ya kutumia laini moja ukivuka mpaka, Septemba 2006. Hiyo ilikuja baada ya mauzo lakini ilitokana na kuwa na mitandao Kenya, Uganda na Tanzania chini ya mwenyewe mmoja. Nilikuwa napita Namanga na Malaba kila mwezi na madereva wa malori walikuwa na laini tatu zimefungwa na mpira kwa dashibodi, ukivuka unachomoa unaweka ingine. Ghafla unavuka na laini yako, unapiga kwa bei ya wenyeji na kupigiwa ni bure. Safaricom, Vodacom na MTN ilibidi wajibu na huduma yao ya namna hiyo, Kama Kawaida, mwaka uliofuata.

DadaHesabu

Naomba nijibu la rushwa maana nimekagua vitabu vya makampuni miaka 17 na hili watu wanalisema kama hadithi ya dini wakati ni utaratibu wa ofisi.

Pale Celtel waliweka sharti kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima yapite kwenye bodi. Soma hilo tena taratibu. Meneja wa nchi fulani anaitwa na mkubwa anaambiwa leseni yako itachelewa mpaka ulete kitu. Asipokuwa na hilo sharti yuko peke yake na yule mkubwa, chumba kimoja, mlango umefungwa. Akiwa nalo anasema mheshimiwa mimi sina mamlaka, cheki inasainiwa na bodi iko nje ya nchi, ndani kuna watu wa taasisi za maendeleo za kimataifa, lazima niandike maelezo ya malipo ni ya nini. Mazungumzo yanaishia hapo, na yule meneja hajalazimika kuwa shujaa. Mimi nimeona mameneja wazuri tu wakiharibikiwa kwa sababu waliachwa peke yao kwenye chumba kile, kwa hiyo hili naliongea kwa moyo.

Na faida yake ilikuja mwishoni. 2005 walikuwa wanajiandaa kuiingiza Celtel kwenye soko la hisa London. Huwezi kwenda soko lile vitabu vina mashimo. Wanunuzi wakaja kabla hisa hazijaingia sokoni, wakafungua vitabu, wakakuta kila leseni ina risiti. Mnunuzi akikuta bahasha moja tu anaanza kuuliza leseni ipi itafutwa serikali ikibadilika, na bei inashuka pale pale.

Ila Injinia nisikudanganye, kuna kitu mzee hapo juu amekipitia haraka. Mo alikuwa London. Benki ziligoma kumkopesha kwa ajili ya Afrika, ni kweli, alijenga kwa sehemu kubwa kwa mtaji wa wanahisa badala ya mikopo, lakini aliweza kuwapata wanahisa kwa sababu alishakaa nao mji mmoja na MSI ilishampa jina. Wewe na mimi hapa Dar ukisema unatafuta mtaji wa programu ya dizeli utaulizwa hati ya kiwanja. Kwa hiyo jifunze mpangilio wake, ila usijilaumu kwamba huna milango aliyokuwa nayo.

Halafu la muhimu kuliko yote: hiyo programu umeiandikia kwenye kompyuta ya nani? Na hizo takwimu za saiti za nyuma ulizojaribia ni za nani?

Injinia_Ubungo

Dada umenigusa pabaya. Kompyuta ni yangu, muda ni wangu. Ila takwimu za majaribio nilizitoa kwenye mfumo wa ofisi. Sikuwahi kuliwaza kama tatizo.

DadaHesabu

Ni tatizo, tena kubwa. Kachukue nakala ya mkataba wako wa ajira usome kipengele cha kazi za ubunifu, mikataba mingi ya kampuni za simu inasema chochote ulichobuni kinachohusiana na kazi ni mali ya mwajiri, hata ukikibuni ukiwa kitandani. Mwone mwanasheria kabla hujamuonyesha mtu yeyote hiyo programu, na zile takwimu za ofisi zifute, anza upya na takwimu utakazokusanya mwenyewe kwa ruhusa ya mwenye tenki.

mwana_wa_Kadutu

Jambo kwenu bandugu. Miye niko wa Bukavu, Kadutu, mutanisamehe Kiswahili ya kwetu.

Ninyi munaongea mambo ya pesa na bodi, miye nataka niseme vile Celtel ilikuwa kwetu sisi watu wa chini. Mbele ya telefone za mkononi, kama unataka kusemezana na ndugu yuko Shabunda ao Kindu, unaenda kwenye nyumba ya foni. Ni redio kubwa iko juu ya meza, na batiri ya gari chini. Unakaa kwenye mustari. Zamu yako ikifika unafinya kidude unasema, unaachia, mwenzako anajibu, na watu wote wa kwenye mustari wanasikia. Mama anaambiwa mutoto wake alikufa mbele ya watu makumi mbili. Niliona ile kwa macho yangu, nilikuwa mutoto wa miaka 11 nimesimama nyuma yake, na hakuna mutu alijua angalie wapi.

Sasa Celtel ilianza Kongo yetu mwaka 2000, vita ikiwa bado. Barabara hakuna, vyombo vya minara vingine walivileta na elikopta. Umeme hakuna, walijiletea. Na kule Kinshasa na Brazzaville, miji mbili zinaangaliana juu ya mto, unaona mataa ya wenzako usiku, lakini kupiga telefone sauti inapanda satelite inaenda mpaka Ulaya inarudi, na unalipa bei ya Ulaya. Wao walipokuwa na leseni pande zote mbili wakaweka maikrowevu juu ya mto, mnara kwa mnara. Kitu kiko rahisi hivi, na hakuna mutu alikuwa amekifanya.

Ile siku mama yangu alinunua initi (vocha) za kwanza alienda kusemea chooni ili watu wasimusikie. Hakukuwa na siri yoyote, alikuwa anamuuliza dada yake kama mihogo imekomaa. Alitaka tu asemeze ndugu yake peke yake.

Injinia, kama programu yako inafanya mnara usizime sababu ya mafuta kuibwa, hiyo ni kazi ya maana sana kwetu. Huku mnara ukizima ni kijiji nzima inanyamaza.

msee_wa_Eldi

Mwana wa Kadutu asante sana kwa hiyo ya mama yako. Kwa kweli nilikuwa najua hiyo link ya mto kama mfano wa darasani tu.

Mzee_wa_Fida

Nimekaa kimya muda mrefu baada ya kusoma hiyo ya Bukavu.

Injinia nikurudishe kwenye lako. Dada Hesabu amekushauri vizuri kuhusu mkataba, lifanye hilo kwanza. La pili, usiende kuwauzia waajiri wako wala washindani wao. Siku hizi minara mingi siyo ya kampuni za simu. Helios, kampuni ya kumiliki minara, walianza kuchukua ya Tigo 2010, ya Vodacom 2013, na wengine wakafuata. Mwenye mnara ndo anayenunua dizeli, kwa hiyo ile lita iliyochotwa inatoka mfukoni mwake moja kwa moja. Na chini yao kuna wakandarasi wanaopewa kandarasi ya kujaza mafuta kwa bei ya mwezi isiyobadilika. Hao ndo wanaumia usiku hawalali. Mkandarasi wa saiti 40 akiokoa lita 20 kila saiti kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe ni lita ngapi. Anzia kwa mmoja wao, mtoze kidogo, akusaini karatasi. Mo naye aliondoka BT akijua wa kumlipa wako wapi.

Na usiache kazi mwezi huu. Tumia likizo yako ya mwaka. Mimi bado nahudumia jenereta za watu, nina saiti tatu upande wa Mkuranga, mwenye kandarasi ni rafiki yangu wa siku nyingi na nimemuuliza jana jioni, amesema njoo ufunge sensa zako ukae nazo wiki tatu, takwimu zitakuwa zako kwa maandishi.

Injinia_Ubungo

Mzee sina la kusema, Mungu akubariki. Dada Hesabu, leo asubuhi nimechukua nakala ya mkataba kwa watu wa utumishi, kipengele kipo kama ulivyosema, ukurasa wa tisa, kinasema "kinachotokana na majukumu ya mwajiriwa". Mafuta siyo jukumu langu, ni idara nyingine kabisa, lakini sitabishana na karatasi peke yangu, Alhamisi namwona mwanasheria. Takwimu za ofisi nimeshazifuta zote. Msee wa Eldi, ni kweli, sijawahi kukaa na anayesaini cheki ya dizeli hata mara moja, miaka 14. Mke wangu nimemsomea uzi wote huu jana usiku na pale kwa mama wa mwana wa Kadutu alinyamaza, halafu akaniambia omba likizo.

Mzee nina siku 28 na hili la Mkuranga naanza nalo mwanasheria akisharidhia. Tayari nina sensa mbili, ya tatu nitanunua Kariakoo. Swali moja kabla sijaja, matenki ya hizo saiti ni ya boksi au ya duara? Maana kimo kile kile cha mafuta kinatoa lita tofauti, lazima nibadilishe hesabu.

Mzee_wa_Fida

Mawili ya boksi. La tatu la duara, tena limelazwa, na limebonyea upande wa kushoto pale lori lilipoligonga. Uje na kamba ya kupimia.